Neno nililolisikia nyuma ya mlango

Juzi binti yangu alijikwaa kwenye ngazi za baraza, akachubuka goti. Kabla sijafuata hata maji, kiganja changu kilikuwa tayari kinazunguka juu ya lile goti na mdomo unasema, "Sana, sana, colita de rana." Akaacha kulia. "Mama, sana nini?" Nikamwambia ni Kihispania: pona, pona, kimkia cha chura. Akawaza kidogo. "Lakini chura hana mkia."

Kweli hana. Wala sikuwahi kumuuliza bibi mmoja niliyekaa kwake Granada, Hispania, nikiwa mwanafunzi.

Nilivyofika kwa yule bibi ni hivi: chumba cha bure, mradi nilale pale asiwe peke yake usiku, mchana niende chuo. Alikuwa amefanya kazi ya cherehani maisha yake yote, na Kihispania alinifundisha yeye kuliko darasa lolote. Tulikaa kwenye ile meza yao ya duara, yenye kitambaa kizito kinachofika sakafuni na jiko dogo la umeme chini yake, miguu inaota moto huku mgongo unaganda.

Kilichonitesa ni yale maneno yenye sura moja na kazi mbili. Kwetu kavu ni kavu na kausha ni kausha, msikilizaji hapotei. Kule seca ni kavu, na seca hiyo hiyo ni anakausha, na ukimwelekezea mtu inakuwa amri: kausha! Limpia ni safi, tena ni safisha. Corta ni fupi, tena ni kata. Hili bibi alilipenda kwa ajili ya mkasi wake. Sababu yake si ngumu. Vitenzi vingi vya namna hii vimetokana na sifa kwa kuongezewa -ar mwishoni, na sifa ya kike huishia na -a, sawa na amri na sawa na kitendo cha "yeye". Ukikimbilia upande wa kiume, limpio, unakutana na "ninasafisha".

Bibi hakuwa na habari na sarufi. Alinipa kanuni moja, akigonga meza kwa kidole chenye kastabini: ukisikia está, yaani yu au iko, kaa, usipoisikia, inuka. Está llena, basi jagi limejaa, tulia. Llena, chukua jagi uende bombani. Na sana nayo ni vivyo hivyo: mwanamke mwenye afya ni sana, na kidole kilichoungua huambiwa sana, pona. Nilipomwambia kwamba kwetu sana ni kuzidisha jambo, alifurahi, akawa ananiaga kila asubuhi kwa "asante sana" hata kama sijamfanyia kitu.

Usiku wa lile neno la nyuma ya mlango ulikuwa wa Januari. Kifua kilikuwa kimembana bibi wiki nzima, na binti yake, mtu mzima wa miaka 60 hivi, akaja kulala naye. Mimi nikahamia kochi la sebuleni. Saa 11 alfajiri, giza bado totoro, maana mwezi huo jua la kule halichomozi mpaka saa 2 na ushee, nikasikia sauti ya binti nyuma ya mlango. Hakupaza. "...despierta, mamá." Kimya. "Despierta."

Despierta ni yu macho. Despierta ni amka. Watu wa Andalucía, jimbo lenye Granada, está huikata ikabaki tá, na mlango ulikuwa mzito. Nikajiambia kile kipande kimebaki ndani. Bibi yu macho, usiku umepita salama. Nikafurahi. Nawaambia kweli, nilifurahi.

Nikaenda jikoni nikafungua mtungi wa gesi, ile mitungi yao ya rangi ya chungwa, nikamimina maziwa kwenye kisufuria cha mpini. Aliyapenda yawe moto bila kuchemka, na asali kijiko kimoja. Nilisimama kwa soksi juu ya vigae vya baridi, nikawa nakoroga taratibu yasishike utando, natazama vipovu vinavyojikusanya ukingoni. Nikachagua kikombe chake, kile chenye ufa kwenye mkono. Kule chumbani neno lilirudi mara mbili, tatu, na kila liliporudi nililijibu moyoni: naja, naja.

Mlango niliusukuma kwa goti. Binti yake alikuwa amepiga magoti, ameushika uso wa mama yake kwa mikono yote miwili. Akageuka akanitazama, kisha akakitazama kikombe.

Ndipo neno likanifikia.

Alinyoosha mikono, akakipokea. "Gracias, hija." Asante, mwanangu. Akayanywa yale maziwa yote pale pale sakafuni, polepole, kama mtu aliyepewa dawa. Alidhani nimemletea yeye, na sikumwambia vingine. Yaliyobaki yalikwenda mbio: daktari, padri, majirani, mazishi. Mwisho wa mwezi nilikuwa nimehama.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilimwacha peke yake zile dakika chache alizohitaji mtu pembeni. Pengine. Pengine pia zilikuwa zake na mama yake, na mtu wa tatu angezidi. Ningelisikia sawasawa ningekimbia, lakini ningefika nikafanya nini? Kinachoniuma hasa ni ile naja, naja, huku nakoroga.

Goti la binti yangu limeanza kufanya kigaga. Goti kwa Wahispania ni neno la kike, rodilla, kwa hiyo likipona nalo huitwa sana. Jana usiku alilitoa nje ya shuka, akaniambia, "Mama, sana?" Sikujua kama anauliza limepona au anataka nimwambie tena. Nikainama, nikazungusha kiganja.