Mkono wa kulia wa Mama

Leo siku ya tano tangu turudi nyumbani. Chupa ya dripu inaning'inia kwenye msumari uliokuwa wa kalenda, Mama ameegemea mto, nami niko kwenye kigoda nahesabu matone. Nesi jirani yetu hapa Ujiji ndiye anayechanganya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, kwenye mililita 100 za maji ya chumvi. Akishaunganisha mpira na kuona dawa inakwenda, ananiachia zamu. Inatakiwa iishe kwa nusu saa. Mpira huu hutoa matone 20 kwa mililita moja, kwa hiyo ni kama matone 67 kwa dakika. Mimi nahesabu robo dakika tu, 16 au 17, maana Mama akinisemesha napotea. Juzi umeme ulikatika, nikahesabu kwa tochi ya simu.

Figo ndizo zilizomlaza. Homa iliposhuka tukaruhusiwa, sindano zilizobaki tukamalizie nyumbani. Nilifurahi, wodini nilikuwa nalala sakafuni.

Ila asubuhi ile ya kuruhusiwa walimbadilishia kanula, kile kimrija kinachobaki kwenye mshipa kupitishia dawa, wakaiweka mkono wa kulia, nyuma ya kiganja. Hakuna aliyemuuliza, wala mimi sikuwaza. Jioni nikamtengea ugali na mgebuka wa mawese. Akautazama mkono wenye plasta, akaitazama sahani.

"Nimeshiba, baba."

Kesho yake vilevile: uji akanywa, ugali akakataa. Nikadhani dawa imemkata hamu. Nesi nilipomweleza alicheka. "Kwani kanula iko mkono gani?"

Mama ana miaka 68 na hajawahi kutia tonge kinywani kwa mkono wa kushoto. Kijiko? Kijiko ni cha uji, ndivyo alivyonijibu. Basi nikamlisha. Nikamchambua mgebuka miiba, nikafinyanga tonge, nikachovya.

"Unamlisha nani, punda?"

Nikapunguza.

Usiku wa tatu mkono ukavimba, ukawa mwekundu, ukiguswa anaruka. Nilitaka kuukanda kwa maji ya moto tungoje kukuche. Bahati nilipiga simu kwanza. Nesi akaja na kanga yake ya kulalia, akaing'oa palepale. Kanula ikivimbisha mkono, alisema, haisubiriwi. Sindano iliyotumika akaitumbukiza kwenye dumu gumu lenye kifuniko, ambalo yeye mwenyewe atalipeleka zahanati, watoto wasije wakalichezea. Kabla hajauliza kitu, Mama alikuwa keshanyoosha wa kushoto.

"Huu hauna kazi. Chomeni mnavyotaka."

Tangu hapo anakula mwenyewe. Leo hakutaka hata kungoja dripu iishe, sahani akaitaka mapajani. Mimi kidole kiko kwenye kigurudumu cha mpira, macho kwenye matone, nimefika 12, mara naona tonge mbele ya mdomo wangu.

"Na wewe hujala tangu asubuhi."

Lilikuwa kubwa kuliko lile langu la kwanza. Nikaanza kuhesabu upya.