Baiskeli Mabegani: Kutoka Minjila hadi Kipini

Fundi wa baiskeli pale Minjila, kwenye delta ya mto Tana, alizitazama baiskeli zetu, akatabasamu kwa adabu, kisha akauliza, "Na madigadi haya mwaenda nayo wapi?" Tukamjibu: Ngao, Golbanti, halafu Kipini. Akashika spana ayafungue. Nikamzuia. Madigadi yangu yalikuwa mapya, na nilikuwa nimeyaleta juu ya basi kutoka Malindi, zaidi ya kilomita 100, roho mkononi. "Haya," akasema, "mtaniambia."

Kilomita chache kupita Tarasaa nikamkumbuka. Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Mafuriko ya vuli yalikuwa yameshuka na ardhi kwa juu ilionekana kavu kabisa. Udongo wa delta ya Tana ni mweusi, wa mfinyanzi: ukikauka hupasuka nyufa za kumeza kandambili, ukilowa hunata kama ugali mbichi. Tuliteremka kwenye kibonde, magurudumu yakazunguka mara tatu hivi, tope likajaa kati ya tairi na madigadi, baiskeli ikagoma kama punda. Tukachokoa kwa vijiti, tukachokoa kwa vidole, mwishowe tukazitia mabegani. Ng'ambo ya pili nikayafungua madigadi nikampa mtoto aliyekuwa akipita na dumu la maji. Akayapokea bila kushangaa, nadhani si wa kwanza kupewa.

Baada ya hapo tukaanza kuelewa jinsi njia za huku zinavyokwenda. Mto ukifurika humwaga mchanga na udongo kando yake, mwaka baada ya mwaka, mpaka kingo zinainuka kuliko ardhi iliyo nyuma. Juu ya kingo hizo ndiko Wapokomo walikojenga vijiji na kupanda miembe na migomba. Kwenye mabonde yanayobaki na maji hulima mpunga. Kwa hiyo ukitaka kuendesha vizuri, fuata miembe. Kivuli, ardhi ngumu, na embe zilizochelewa kuanguka zikikungoja njiani. Miembe ikiisha, jua kuna mkondo wa zamani mbele yako, jitayarishe kubeba.

Kitu kingine cha kutegemea ni malka, njia za ng'ombe wa Waorma, wafugaji wa huku, kwenda mtoni. Kwato zimezikanyaga mpaka zimekuwa laini kuliko barabara za mjini kwetu. Kiangazi mifugo huja huku kutoka mbali kwa sababu majani ya delta hayakauki mapema. Ndiyo sababu pia njia hizo si jambo la mzaha: mwaka 2012 uhasama wa wakulima na wafugaji uliua watu wengi hapa. Mwaka huohuo delta iliandikishwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, hekta 163,600. Tulipokutana na kundi la ng'ombe tulishuka, tukasimama pembeni, tukasalimu. Mchungaji alitazama gia za mwenzangu kwa muda mrefu, akauliza bei, akatikisa kichwa.

Pancha zilikuwa nne, zote za mathenge. Mti huu uliletwa kuzuia jangwa na kutoa kuni; sasa umejifungia vichaka vyake mwenyewe kandokando ya mto, na miiba yake hupenya tairi kana kwamba ni karatasi. Viraka vilituishia Ngao. Kwa bahati tulikuwa tumekaribishwa wali na kambare wa kukaushwa, na aliyetupakulia alikuwa na solushen na kipande cha tyubu kuukuu chini ya kitanda.

Golbanti tukaziweka baiskeli ndani ya mtumbwi wenye mashine. Nahodha, mzee wa makamo, alizifunga kwa kamba ya mkonge akasema, "Sasa pumzikeni wanangu, hapa mto ndio unaendesha." Tukapitia Belazoni. Mahali hapa palikuwa mfereji tu, uliochimbwa katika karne ya 19, zama za masultani wa Witu, ili kuunganisha Tana na mto Ozi. Maji yakaupenda, yakaupanua, hatimaye Tana wenyewe ukahamia humo, na ndiyo maana leo unaingia baharini Kipini.

Hapo ndipo nilipopata safari niliyoiota nikiwa Mombasa. Yangeyange wamejaa juu ya mti mmoja mpaka unadhani umechanua pamba. Mdiria akipiga mbizi. Furukombe akilia. Mzee alikuwa akigonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi kila tulipokata kona. Kwenye kona ya tatu nikaona kwa nini: masikio ya viboko, jozi tano au sita, yakizama polepole.

Kila baada ya muda alichovya kidole majini akalamba. Nikadhani ni mazoea tu, mpaka tulipokaribia kijiji cha Ozi, ambako mikoko inaanza. Akalamba, akatema. "Zamani chumvi haikufika hapa." Tangu mabwawa yalipojengwa juu mtoni, Masinga likikamilika 1981, mto hauna nguvu ileile ya kuisukuma bahari. Maji yakijaa, bahari hupanda na kuingia mashamba ya mpunga. Alituonyesha moja: nyasi za chumvi, na minazi iliyokatika vichwa.

Kipini tulifika alasiri. Watu wa huku husimulia kuwa Fumo Liyongo amezikwa kwao, yule aliyekufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakashindwa kuteka maji kwa kumwogopa maiti. Tulitaka kwenda kuliona kaburi, lakini kwanza tope. Mwenzangu alisukuma baiskeli yake hadi ukingoni, akainama kuiosha.

"We kaka!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka kwenye mashua. "Hayo ni ya chumvi, cheni yako itaoza!"

Maji baridi, yasiyo na chumvi, yalikuwa ya kununua kwa dumu. Tukanunua moja, tukanywa nusu, nusu tukapikia chai. Tope la Tarasaa lilikwenda nasi hadi Mombasa.