Kitanga kwa kitanga: ubeti wa pili wa Romeo na Juliet umekubali

Umekubali jamani. Jana saa tano na nusu usiku ubeti wa pili wa ile sonneti (shairi la mishororo 14) ya Romeo na Juliet umekaa kwenye mizani 16, yaani silabi 16 kila mshororo, vina vimetimia, maana haijamwagika, na sikulala mpaka saa nane kwa sababu kila nikifumba macho najikuta naughani. Ubeti mmoja. Mishororo minne. Umenila miaka miwili na miezi minne.

Mradi ni uleule, kuitafsiri tamthilia nzima ya Shakespeare kwa Kiswahili kinachoghanika, siyo kinachosomeka tu. Mwalimu Nyerere alitutolea Mabepari wa Venisi, nayo ya Shakespeare, mwaka 1969 na mimi nimekua najiuliza mbona Romeo na Juliet sijawahi kuisikia kwa lugha ninayoota nayo. Nimeipenda tangu darasa la sita, kaka yangu alirudi na kitabu kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa, kwa hiyo mimi nilianzia katikati ya ugomvi nikaishia kaburini, na Kiingereza chenyewe nilikuwa naokota neno moja kati ya matano lakini nililia. Mpaka leo nikifika pale Ndugu John anapofungiwa ndani ya nyumba kwa sababu ya hofu ya tauni, na barua ya Padri Laurence kwa Romeo haifiki Mantua, moyo wangu bado unasema labda safari hii itafika. Nimeisoma mara zisizohesabika na bado nasema labda.

Sasa hiyo sonneti. Ni pale kwenye sherehe ya akina Capulet, ukoo wa Juliet, Romeo anamshika Juliet mkono kwa mara ya kwanza. Hawajuani hata majina. Halafu wanaongea mishororo 14, yeye minne, binti minne, halafu wanapokezana, na ukiihesabu inakuwa sonneti kamili ya Kiingereza, yaani watu wawili waliokutana sasa hivi wametunga shairi moja bila kujua. Nikikosea pale mchezo mzima umekufa, kwa sababu mtazamaji lazima asikie kwa sikio kwamba hawa wawili wamekutana, asingoje kuambiwa.

Jaribio la kwanza lilikuwa nathari tupu, nikafuta. La pili likatoka guni, mizani 15 hapa 17 pale. La tatu lilitimiza arudhi zote, yaani kanuni za ushairi, lakini lilikuwa linasikika kama ngonjera ya siku ya wazazi, kila mtu anamaliza zamu yake ananyamaza anamwangalia mwalimu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi maana lilikuwa sahihi na halikuwa na uhai hata kidogo.

Kilichonifungua ni kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Shakespeare kwenye mishororo minne ya Romeo ana kina cha "this" na "kiss". Ubeti wa Juliet alitakiwa aanze vina vipya, ndiyo kanuni ya sonneti zake, lakini hapana, Juliet anarudia "this" na "kiss" zilezile. Anamjibu Romeo kwa vina vyake mwenyewe! Jamani hiyo si malumbano hiyo? Mtu akikutumia shairi, ukitaka kumwonyesha umelipokea unamjibu kwa bahari yake, yaani mtindo wake wa shairi, na vina vyake. Kwetu hiyo ni adabu na ni mashindano kwa wakati mmoja. Juliet hajafika hata miaka 14, yaya wake anasema atatimiza mwezi wa saba mwishoni, na tayari anamjibu mwanaume kwa vina vyake bila kutetereka. Nilisimama nikazunguka meza.

Kwa hiyo mpango ukawa beti tatu za tarbia na tathnia moja ya kufungia, yaani mishororo minne na minne na minne na miwili, 14. Ubeti wa Romeo ulitoka ndani ya wiki:

Kama nimekunajisi, kwa kukushika mkono,
Dhambi yangu ni nyepesi, sikiza, nakupa neno,
Ni mahujaji halisi, midomo yangu, si ngano,
Ifute yangu maasi, kwa busu laini mno.

Siyo kamili, hiyo "nakupa neno" ni kijazio na najua, ila inatembea.

Tatizo ni Juliet. Kwenye mshororo wake wa mwisho kuna neno la Kiingereza, "palm", linalomaanisha kiganja, na neno hilohilo ni mti wa jamii ya mtende, na hujaji aliyerudi kutoka Yerusalemu alikuwa anabeba tawi la mti huo, akaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo binti anaposema kiganja kwa kiganja ndilo busu la mahujaji, ni neno moja linalogeuka mara tatu, mkono, jani, ibada. Mimi nilikuwa na "kiganja" tu. Kiganja ni kiganja, hakigeuki. Nikajaribu "kofi", maana kofi nalo ni kiganja, lakini kofi kwa kofi hiyo ni ugomvi wa kituoni. Nikajaribu kuacha mchezo wa maneno kabisa niseme tu mikono ikigusana, mizani ikatimia, na nikaona aibu kumfanyia Juliet hivyo. Miaka miwili imeishia hapo.

Katikati nikapotea kidogo kwenye vifaa. Nilikuwa nahesabu mizani kwenye Excel, kila silabi na seli yake, safu 16, ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) rangi ya bluu na utao (nusu ya pili) rangi ya kijani, inapendeza ila ukibadilisha neno moja unasogeza kila kitu. Nikaandika kiprogramu kidogo cha Python kihesabu irabu. Kinafanya kazi mpaka kikutane na m. "Mkono" kinasema mbili, ni tatu. Nikakiambia m ikifuatwa na konsonanti ihesabiwe, sasa "mbali" kikasema tatu, ni mbili. Nikakiambia basi mb isihesabiwe, likaja "mbaya", ambalo kwa mtu mbaya ni tatu na kwa nyumba mbaya ni mbili, yaani lazima kijue ngeli! Na "mvua" na "mvuvi" usiniulize. Wikiendi tatu zimepita. Msimamo wangu sasa ni huu, programu ikusaidie kuona mstari uliozidi sana, lakini mizani hupimwa kwa kughani, piga kidole mezani, sikio halikosei ngeli. Nimerudi kwenye daftari la kaunta kubwa na penseli, na kibodi ya simu nimeizima kujisahihisha maana kila "mno" ilikuwa inaifanya "moo".

Halafu mwezi uliopita nikaenda Pangani kumsalimia shangazi. Alasiri tumekaa ukumbini, adhana ikalia, akaniambia, "Mwanangu, nipe hicho kitanga changu hapo nyuma ya mlango." Nikageuka nikaona mkeka mdogo wa mviringo, wa ukindu, umefifia rangi, pembeni umezungushiwa kitambaa chekundu kilichoshonwa kwa mkono, na mahali panapokaa magoti pamelainika pakawa panang'aa. Nikamuuliza, shangazi huu unauitaje? Akanyoosha kiganja chake wazi mbele yangu, akakigonga kwa kidole cha mkono wa pili, "Kitanga. Na hiki kitanga. Kwani nyie mjini mnasemaje?"

Nilibaki nimeshika ule mkeka kama nimeshika mtoto. Kitanga ni kiganja. Kitanga ni mkeka wa kusalia. Na umesukwa kwa ukindu, ni majani ya mkindu, jamii ileile ya mtende! Mkono, jani, ibada, vyote vitatu kwenye neno moja la Kiswahili lililokuwa nyuma ya mlango wa shangazi yangu. Alimaliza kuswali akanikuta bado nimesimama palepale.

Haikuisha hapo, maana neno ukilipata lazima likubali kukaa. "Kitanga kwa kitanga" ni mizani saba. Saba! Nikajaribu "kitanga juu kitanga", inaingia ila inasikika kama sahani zimepangwa. Jana usiku ndipo nikagundua Shakespeare mwenyewe ameuanza mshororo huo na "na". Na kitanga kwa kitanga. Nane. Kitu kidogo hivyo.

Hujaji, usijighasi, wauonea mkono,
Umeshika kwa kiasi, adabu zake mfano,
Walii hupewa basi, vidole vyote vitano,
Na kitanga kwa kitanga, ndilo busu la hujaji.

Vina vya Romeo mishororo mitatu, halafu kwenye kituo, mshororo wa mwisho, anaachana navyo anakuja na vyake. Hilo silo la Shakespeare, ni langu, na nalisimamia. Amemjibu kwa vina vyake mpaka ametosheka, kisha amefunga mlango kwa funguo yake mwenyewe.

Kuhusu "walii", rafiki yangu mmoja ninayemsomea amenipinga sana, anasema Verona ni Wakatoliki, sema "mtakatifu". Mtakatifu ni mizani tano, walii ni tatu, lakini siyo hesabu tu. Pale Romeo anamfananisha Juliet na mahali patakatifu watu wanapokwenda kuzuru, na sisi wa Pwani mtu akisikia walii anaona kaburi lililofunikwa kitambaa, ubani, watu wamevua viatu. Anaona mapenzi na kaburi kwa pamoja, dakika ya kwanza kabisa ya mapenzi yao. Siondoi.

Kilichonishinda kabisa ni jina. Romeo kwa Kiitaliano ni hujaji, yule aendaye Roma, kamusi ya Kiitaliano na Kiingereza ya John Florio ya mwaka 1598 nayo inalipa maana ya hujaji. Kwa hiyo Juliet anapomwita hujaji anamwita kwa jina lake kabla hajalijua. Nimejaribu kila njia kulipenyeza hilo na Kiswahili hakinipi mlango. Nimeacha. Mwigizaji atulie kidogo baada ya neno "Hujaji", ndilo pekee ninaloweza kuomba.

Nilipanga baada ya hapa niende roshani, ile ya kwa nini wewe ni Romeo, rasimu yake ipo tangu mwaka jana. Siendi kwanza. Nikishajua kwamba Juliet ni mlumbaji nataka nirudi nione ile asubuhi ya kuagana, wanapobishana ndege anayelia ni wa usiku au wa alfajiri, maana hiyo nayo ni malumbano tena safi, na nahisi nilivyoitafsiri mwanzo nimeiharibu. Roshani itasubiri.

Tathnia ya mwisho ipo tayari, Juliet halafu Romeo:

Walii hatikisiki, japo dua hupokea,
Tulia, mbali sitoki, thawabu najichumia.

Kinachonikwaza sasa ni ubeti wa tatu. Wanapokezana, Romeo mshororo mmoja, Juliet mmoja, halafu Romeo miwili, na Romeo ameshaanza na midomo, kwa hiyo nimejifunga kwenye kina cha -mo:

Walii hana midomo, na hujaji hana pia?
Anayo, ila kikomo, ni sala kuisalia.
Mikono iwe kipimo, midomo yafuatia,

Huo wa tatu ni wa shangazi. Nilimpigia leo asubuhi, shikamoo hata haijaitikiwa vizuri nikaanza kumghania, akanyamaza kidogo akasema "kipimo, mwanangu, weka kipimo," akakata simu maana alikuwa na wali jikoni. Wa nne Romeo anaomba akubaliwe, imani yake isije ikageuka. Utao ninao, "nisije kata tamaa", nane kamili. Ukwapi sina. Daftarini nimeorodhesha kilimo, shimo, somo, msemo, mgomo, msimamo, na hakuna hata moja ambalo mvulana aliyeshika mkono wa binti angelitamka.