Tangi la furu nyumbani Mwanza: nilivyofunga chujio lake

Nilipoamua kufuga furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, nyumbani, nilianza kufikiria chujio kabla ya taa, mchanga na hata samaki wenyewe. Furu niliowataka ni wale wa miambani, Pundamilia nyererei, waliopewa jina la Mwalimu Nyerere na watafiti waliowaeleza kisayansi mwaka 1985. Dume aliyekomaa ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi. Jike amepauka tu, lakini yeye ndiye mchaguzi, na huchagua kwa macho. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu furu wa Ziwa Victoria ulioonyesha kwamba maji yakichafuka na mwanga kupungua, majike hushindwa kumtambua dume wa aina yao kwa rangi, na aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika. Samaki hawa wameshaumizwa vya kutosha na sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 1950. Sikutaka kuwaweka kwenye maji wasiyoweza kuonana.

Ila uangavu wa maji ni nusu tu ya kazi ya chujio, tena ndiyo nusu nyepesi. Nusu nzito haionekani. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, kupitia matamvua muda wote, na chakula kinachobaki chini nacho kinaoza na kutoa amonia. Ziwani amonia hiyo inapotelea kwenye maji mengi, lakini ndani ya vioo vinne haina pa kwenda. Wanaoiondoa ni bakteria: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huifanya damu ya samaki ishindwe kubeba oksijeni, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawaishi kwa wingi majini. Hujishikiza kwenye vitu, na hupenda mahali maji yenye oksijeni yanapopita bila kukoma. Mahali hapo ndipo chujio. Unaponunua chujio unanunua nyumba yao, na ukubwa wa nyumba ndio unaoamua utafuga samaki wangapi.

Dukani muuzaji alinionyesha chujio la kopo, lile linalokaa nje ya tangi na kuvuta maji kwa mipira miwili. "Dada, chukua hili, hili ndilo la wataalamu," alisema. Ni chombo kizuri kweli, lina nafasi kubwa ndani na husafisha maji vizuri sana. Lakini kwetu umeme hukatika, mara saa moja, mara usiku kucha. Chujio la kopo likisimama, maji yaliyofungiwa ndani hayapati hewa. Bakteria hutumia oksijeni nyingi, kama gramu 4.6 kwa kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza, kwa hiyo waliomo kwenye kopo huimaliza upesi na kuanza kufa. Umeme ukirudi, pampu inasukuma uvundo wote huo kwenye tangi. Joto nalo halisaidii: maji ya nyuzi 30 hayawezi kushika zaidi ya miligramu 7.6 hivi za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 25 hushika kama 8.3.

Nikachukua chujio la sponji. Bei yake ni ndogo, na wengi hulidharau kwa sababu hiyo. Ni sponji yenye matundu, katikati ina bomba, na chini ya bomba unaingia mrija mwembamba wa hewa kutoka kwenye pampu ndogo. Mapovu yakipanda ndani ya bomba yanapanda na maji, na maji mengine yanavutwa kupitia sponji kuziba pengo. Ndani ya maji hakuna kifaa chochote cha umeme kinachozunguka, wala kichanga cha samaki hakiwezi kumezwa. Umeme ukikatika, sponji inabaki imezungukwa na maji ya tangi lenyewe, na bakteria wanaendelea kupata hewa kidogo. Kwa mtu anayeishi ninapoishi mimi, naliona bora kuliko kopo la bei mara kumi.

Tangi nililotengenezewa na fundi vioo lina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 45. Ukizidisha unapata lita 180, yaani kilo 180 za maji kabla hujahesabu vioo na mawe, kwa hiyo meza ilikuwa ya mbao nzito na niliipima kwa pima maji. Silikoni niliiacha ikauke mpaka harufu yake ya siki ikaisha kabisa. Kwa tangi la ukubwa huo nilifunga sponji mbili kubwa, moja kila upande, kila moja na mrija wake. Kanuni wanayoifuata wafugaji wengi ni maji yote yapite kwenye chujio mara nne hivi kwa saa. Sponji mbili zina faida nyingine ambayo nitaieleza nikifika kwenye usafi.

Ufungaji wenyewe hauchukui muda, lakini kuna mambo ambayo ningemshauri yeyote asiyaruke. Kwanza nilizikamua sponji majini kwa mkono, nikazikandamiza zikiwa zimezama mpaka hewa yote ikatoka, la sivyo zinaelea na kung'oka. Bomba la kupandishia maji nililiacha refu iwezekanavyo, mdomo wake ukiwa sawa na uso wa maji, kwa sababu mapovu yakipanda safari ndefu huvuta maji mengi zaidi. Kisha pampu ya hewa. Niliiweka kwenye rafu iliyo juu ya kimo cha maji, na kwenye kila mrija nikachomeka valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Pampu ikikaa chini na umeme ukakatika, maji yanaweza kurudi kupitia mrija, yakaingia kwenye pampu, yakashuka mpaka kwenye ekstensheni. Valvu ni kitu kidogo kisichofika hata urefu wa kidole, na ina upande wake: nilipuliza kwa mdomo kwanza kujua hewa inapita kuelekea wapi. Waya wa pampu niliuacha ulegee chini ya soketi kisha ndio upande, ili tone likiteleza lidondoke sakafuni.

Mawe niliyapanga juu ya kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga, maana furu huchimba, na jiwe lililokalia mchanga litaanguka siku moja. Nilitumia mawe ya granaiti, ambayo Mwanza hayatafutwi, na ambayo hayabadilishi maji.

Maji sasa. Ya bomba kwetu hutoka ziwani, yanasafishwa na kutiwa klorini, na klorini inayotukinga sisi na kipindupindu huwaua bakteria wa kwenye sponji. Niliyaweka kwenye pipa lililo wazi, mrija mmoja wa hewa ukiyachemsha mapovu usiku na mchana, kisha nikatia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Jambo la pili ni kwamba maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana madini mengi. Bakteria wanapogeuza amonia hutengeneza asidi, na maji laini hayana cha kuizuia, hivyo pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (kikiwa chini asidi ni nyingi), hushuka polepole na bakteria wenyewe hulegea. Dawa niliipata kwenye duka la vyakula vya mifugo: maganda ya konokono yaliyopondwa, yanayouzwa kwa ajili ya kuku wa mayai. Niliyaosha, nikayafunga kwenye kimfuko cha chandarua, nikakiweka karibu na sponji. Yanayeyuka kidogo kidogo kadiri asidi inavyoongezeka. Sikutaka pH ipande sana pia, kwa kuwa amonia ileile huwa kali zaidi pH ikiwa juu: kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia moja, ikiwa 8 inazidi asilimia tano.

Kisha nikaanza kazi ya kuwalea bakteria, na hapa ndipo wafugaji wengi wapya hupoteza samaki. Chujio jipya ni sponji tupu. Rafiki yangu anayezalisha vifaranga vya sato alinipa wazo la kuchukua sponji kuukuu kutoka kwake, iliyokwisha kujaa bakteria. Njia hiyo ni ya haraka na inafanya kazi, lakini inaweza kuja na minyoo na magonjwa ya bwawani, nami sikuwa tayari kuwapokea furu kwa zawadi hiyo. Niliwalisha bakteria kwa dagaa. Dagaa wa ziwani waliokaushwa kwa jua, wasio na chumvi, wachache tu, wamefungwa kwenye kipande cha soksi ndefu ya kike na kuning'inizwa karibu na sponji. Wakiloa wanaoza na kutoa amonia, kama ambavyo samaki hai wangeitoa.

Mama alikuwa nyumbani kwangu wakati huo. Kila akipita sebuleni anasimama, anatazama mawe na mapovu. "Mwanangu, tutatazama maji matupu mpaka lini?" Nikamwambia, "Mama, bado nyumba haijapata wenyeji." Alivumilia harufu ya dagaa kuliko nilivyotarajia.

Nilipima kwa vichupa vya matone vinavyobadilisha rangi ya maji kwenye kijaribio. Bila vipimo hivyo utakuwa unabahatisha, na ningeacha kununua taa kabla ya kuacha kununua vipimo. Kwanza amonia ilipanda, rangi ikawa kijani. Ilipoelekea miligramu 4 kwa lita nikatoa baadhi ya dagaa, maana amonia ikizidi sana huwakwaza hata bakteria wenyewe. Baadaye ikaanza kushuka na nitriti ikapanda, kijaribio kikawa zambarau iliyokolea, na hapo kukaonekana kama hakuna kinachosogea. Kundi la pili la bakteria hukua taratibu kuliko la kwanza. Kwa kawaida safari yote huchukua wiki nne hadi sita, na joto la Mwanza huifupisha kidogo. Subira hapa haina njia ya mkato. Nilijua chujio limeiva nilipotia dagaa wapya na bado amonia na nitriti zikabaki sifuri siku baada ya siku huku nitrati ikiongezeka. Nikabadilisha sehemu kubwa ya maji kuipunguza nitrati hiyo, kisha nikaleta samaki.

Nililetewa furu wachanga waliozalishwa kwenye tangi, si wa kuvuliwa. Nitakapotambua madume nitabakiza mmoja na majike kadhaa, kwa kuwa dume hawezi kuvumilia mwenzake kwenye nafasi ndogo. Wiki za mwanzo niliwalisha kwa mkono mwepesi na kupima kila siku, ili bakteria wajilinganishe na wageni.

Kuhusu kukatika kwa umeme, nina pampu ya pili ndogo ya waya wa USB inayochomekwa kwenye pawabenki. Inatumia umeme kidogo mno, kiasi kwamba pawabenki nyingine hujizima zikidhani hakuna kilichochomekwa. Ijaribu yako mapema, mchana, ukiwa macho.

Sponji haioshwi bombani. Kila ninapobadilisha maji, natoa ndoo moja ya maji ya tangi na kuikamulia humo mara chache, mpaka maji yapite tena vizuri, na naiacha ikiwa bado na rangi ya kahawia, kwa sababu ndani ya rangi hiyo ndimo wanamokaa bakteria. Na hapa ndipo sponji mbili zinaponifaa: nasafisha moja, ya pili naiacha mpaka wakati mwingine. Sasa nimetumbukiza ya tatu nyuma ya mawe, haina kazi yoyote kwa sasa. Jike wa kwanza atakapobeba mayai mdomoni nitamhamishia kwenye tangi dogo pamoja na sponji hiyo, ikiwa imekwisha kujaa bakteria, na tangi hilo halitahitaji dagaa.