Vali inayovuja baada ya "kupona"

Kila nikiaga kwamba naenda kliniki ya moyo, hakosi mtu wa kuuliza, "Kwani wewe si ulishapona?" Kwetu ukishasafirishwa ukapasuliwa, basi yamekwisha. Mimi nilipasuliwa Israel nikiwa na miaka sita, kama watoto wengi wa Unguja na Pemba, na ninashukuru hadi leo. Ila moyo uliotengenezwa una kliniki ya maisha.

Nilizaliwa na tetralojia ya Fallot, iliyopewa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1888. Kuna tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba, aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, imekaa juu ya tundu, na misuli ya chumba cha kulia imenenepa kwa kusukuma. Mama haya yote hayajui kwa majina. Anachokumbuka ni kwamba nikikimbia kidogo tu nachutama, midomo kama niliyekula zambarau. Kumbe mtoto anajitibu bila kufundishwa: ukichutama, mishipa ya miguuni inabanwa, na damu iliyokuwa ikikwepa mapafu kupitia lile tundu inalazimika kupita mapafuni.

Vali ya mapafu iko pale damu inapotoka chumba cha chini cha kulia. Ina vipande vitatu vyembamba, vinafunguka moyo ukisukuma na kujifunga damu isirudi. Yangu ilikuwa finyu mpaka kwenye pete yake, kwa hiyo walipasua pete na kushonea kiraka. Njia ikapanuka, lakini vali haifungi tena. Hakuna aliyekosea, kwa vali ya namna ile, ndivyo upasuaji wenyewe ulivyo.

Mtoto ambaye tatizo lake ni vali kubana peke yake ana njia nyepesi zaidi. Tangu mwaka 1982 madaktari hupitisha mrija kwenye mshipa wa pajani, wakafika kwenye vali na kujaza puto kuipanua, bila kufungua kifua. Dar wanauita upasuaji wa tundu dogo. Na wanaoniuliza kama niliumwa koo utotoni: homa ya rumatiki, ile inayoweza kufuata maumivu ya koo, huharibu zaidi vali za upande wa kushoto, hii ya kwangu huigusa kwa nadra.

Tabu ya kuvuja ni kwamba chumba cha kulia kinavumilia mno. Kila pigo damu kiasi inarudi, chumba kinatanuka polepole, na wewe unaendelea na kazi zako miaka na miaka. Ukianza kuhema kwenye ngazi, au moyo kwenda mbio ghafla, huenda umechelewa. Daktari wangu basi hasubiri niumwe: eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, MRI, picha ya sumaku ya kupima chumba kimetanuka kiasi gani, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ambako anaangalia upana wa wimbi la QRS, linaloonyesha umeme ukipita vyumba vya chini. Likifika milisekunde 180, hofu ya mapigo hatari inakuwa kubwa.

Siku moja nitahitaji vali mpya. Mwaka 2000, Paris, daktari Philipp Bonhoeffer aliweka ya kwanza kwa kupitia mshipa, iliyotokana na mshipa wa shingo wa ng'ombe. Shangazi alipolisikia neno ng'ombe akashusha pumzi. Alishasikia kuna za nguruwe. Za chuma upande huu wa kulia wa moyo hazipendwi sana kwa sababu hugandisha damu kirahisi na zinataka warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku. Za mnyama nazo huchakaa, zikabadilishwa.

Ukiwa ulipasuliwa utotoni, tafuta nakala ya ripoti ya upasuaji, hata kama imelala kwenye sanduku la bibi. Daktari mpya atataka kujua kama pete ya vali ilipasuliwa. Na wadada, kabla ya kushika mimba nendeni mkapimwe moyo kwanza, msingoje mpaka tumbo liwe kubwa.