Mashine ya kufulia haijazi maji, fundi kasema bodi

Ukimwita fundi aje kuangalia mashine ya kufulia isiyojaza maji, jiandae kusikia neno moja tu: bodi, yaani ile saketi ya umeme inayoiongoza mashine. Mimi niliambiwa bodi kabla hata skrubu moja haijafunguliwa, na bei aliyotaja ilikaribia nusu ya bei ya mashine. Mwisho wa yote ilipona kwa elfu ishirini na kitu, na bodi iliyomo ni ileile iliyotoka nayo dukani.

Dalili zenyewe zilikuwa za kuyumbayumba. Siku nyingine maji yanachuruzika kidogo kidogo, siku nyingine haliingii hata tone, kisha mashine inasimama na kuandika kosa. LG huandika IE, Samsung huandika 4E au 4C. Herufi hizo hazikwambii kilichokufa. Zinasema tu kwamba maji hayakufika kimo kinachotakiwa ndani ya muda uliopangwa, kwa hiyo anza kukagua upande wa maji, umeme utafuata.

Kipimo cha kwanza ni ndoo. Fungua mpira nyuma ya mashine, fungua koki yote, jaza ndoo ya lita 10. Ikijaa kwa dakika moja na nusu hivi, maji yanatosha. Ila usiiweke ndoo chini sakafuni. Ukishusha mdomo wa mpira, maji ya tangi yanaongeza kasi na utadanganyika. Iweke juu ya stuli, mdomo wa mpira uwe usawa wa pale ulipofungwa kwenye mashine.

Kwa sisi tunaotegemea tangi la juu, hesabu yake ni rahisi: kila mita moja kutoka usawa wa maji tangini hadi mdomo wa mashine inakupa presha ya kama bar 0.1. Tangi lililo mita tatu juu linatoa bar 0.3 tu, tena likiwa limejaa. Soma kitabu cha mashine kabla ya kununua, maana kuna zinazoridhika na bar 0.3, nyingine 0.5, nyingine zinataka bar 1 nzima, yaani tangi liwe mita kumi juu. Nani ana mnara wa mita kumi uani?

Vichujio visafishe, hilo linajulikana. Kinachosahaulika ni kwamba vinaweza kuwa viwili: kimoja kwenye mdomo wa valvu (kilango kinachofungua na kufunga maji) nyuma ya mashine, ambacho unakishika katikati kwa plaizi na kukivuta taratibu, na kingine upande wa koki, ndani ya nati ya mpira. Changu cha nyuma kilikuwa na mchanga na ukoko mweupe. Maji ya kisima chenye chumvi yanaacha ukoko ambao mswaki hauutoi. Kiloweke kwenye siki usiku kucha. Na usithubutu kukitupa ili maji yapite vizuri, kama wanavyoshauri wengine. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye kiwambo cha valvu, yaani kile kimpira kinachoziba njia ya maji, valvu haifungi tena.

Baada ya usafi, ule mchuruziko ukawa maji ya maana, lakini zile siku za ukavu zikabaki palepale. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo fundi hakuuliza: maji yalikuwa yakiingia pale tu mtu anapochagua programu yenye kufua kwa awali, ule mzunguko mfupi unaotangulia kufua kwenyewe. Ukichagua kufua kwa kawaida, kimya.

Valvu ya kuingizia maji kwenye mashine nyingi ina koili mbili au tatu, yaani nyaya zilizosokotwa ambazo zikipata umeme hufungua njia ya maji, kila moja ikipeleka maji kwenye chumba chake cha droo ya sabuni. Chumba cha awali kinapata, chumba kikuu hakipati. Sasa ni koili imekufa, au ni bodi haipeleki umeme? Hata mita ya kupimia umeme huihitaji kupata jibu. Chomoa plagi ukutani, fungua mfuniko wa juu, piga picha nyaya zilivyokaa, kisha badilishana plagi za koili hizo mbili. Funga, washa, chagua kufua kwa kawaida. Maji yakatoka, tena kwa fujo, kupitia chumba cha awali! Maana yake bodi ilikuwa ikipeleka umeme siku zote na koili ndiyo iliyokufa. Kama yasingetoka, basi ningemwomba fundi radhi. Mita ilikuja baadaye kuthibitisha tu: koili nzima ilisoma kama kilo-omu 4, iliyokufa haikusoma chochote. Ukipata kati ya 3.5 na 5 hivi, koili ni nzima.

Valvu nilinunua Kariakoo. Nenda na ile ya zamani mkononi, ulinganishe idadi ya midomo, pembe yake na volti zilizoandikwa ubavuni (220–240). Jina la mashine peke yake halitoshi.

Kama maji yanaingia vizuri na bado mashine inalalamika, geukia mpira wa kutolea maji. Ukiulaza sakafuni bafuni, maji yanaingia huku na kutoka kule. Mdomo wake uwe sentimita 60 hadi 100 juu ya sakafu, na usiuzamishe ndani sana ya bomba la maji machafu, wala usiuzibe pembeni kwa tepu, hewa ipite.

Upande wa kihisi cha kimo cha maji, kuna kampira kembamba kanakopanda kutoka chini ya pipa. Kakiziba kwa utando wa sabuni, hewa inabanwa humo na mashine inadhani imejaa. Ujanja wa kukipima: bonyeza kuanza, subiri pampu ya kutoa maji inyamaze, ndipo umimine ndoo ya maji kupitia droo ya sabuni. Ukimimina kabla, pampu itayatupa yote. Ngoma ikianza kuzunguka kawaida baada ya hapo, kihisi ni kizima. Rudi kwenye valvu na presha.

Jirani alinishauri pampu ndogo ya kuongeza presha. Inasaidia, lakini swichi yake inasubiri maji yaanze kutembea ndipo iwashe. Kichujio kikiwa kimeziba, maji hayatembei na pampu hailii, halafu unaambiwa pampu nayo ni mbovu. Safisha kwanza. Na ukikuta maji yanadondokea ndani ya ngoma wakati mashine imezimwa kabisa, hiyo ni valvu isiyofunga, ama kwa uchafu ama kwa presha ndogo mno, kwa sababu kiwambo chake hubanwa na presha ya maji yenyewe. Koki ya ukutani ifungwe kila mnapomaliza kufua hadi valvu ishughulikiwe.