Siku moja Pwani ya Amalfi na kikundi kidogo

Kama unaenda kusini mwa Italia na siku ni moja tu, mi naona bora ujiunge na ziara ya watu wachache kuliko kukodi gari, kwa sababu ile barabara ya SS163 ni nyembamba ajabu, upande mmoja jabali, upande mwingine bahari iko chini huko, na kila kona dereva wetu anapiga honi kwanza ndo anakata, we uko dirishani umeshikilia siti huku unapiga picha.

Tulitokea Sorrento asubuhi. Positano ni pazuri sana jamani, nyumba za pinki na njano zimepandana mlimani mpaka ufukweni, ila ni ngazi tupu na watu wamejaa, na kahawa yenyewe ukikaa mezani bei inapanda. Viatu vya kisigino acha hotelini.

Amalfi mjini ndo nilipapenda, pale kwenye kanisa la Mtakatifu Andrea kuna ngazi 62 na watu wamekaa wanalamba aiskrimu ya limau. Malimau ya huku, yale ya aina ya sfusato, ni marefu yamechongoka, na ganda lake ukilikwaruza na kucha tu mkono unanukia mpaka jioni, ndo maana limoncello yao, ile pombe ya limau, tamu.

Ravello iko juu, kama mita 350 hivi, kumetulia, na bustani ya Villa Rufolo inaangalia bahari yote. Hapo muda waliotupa ulikuwa kiduchu, kwahiyo kabla hujalipa uliza mnakaa kila mji kwa muda gani.